Wale Wanne Chini ya Kitenge

Malvern, Johannesburg
Jumapili, 23 Novemba 2025

Mjomba Ruphin,

Nakuandikia nimekaa kwenye cherehani yako, Chloé amelala miguuni pangu juu ya mabaki ya vitambaa. Huku tunakula, tunalala, mvua inanyesha karibu kila jioni. Tunaowawaza ni ninyi, wewe na bibi. Bandeji ya ile operesheni ya macho wameshamtoa? Mwambie nikija ataweza kunihesabu meno.

Unisamehe mwandiko. Unajua niliishia darasa la sita. Ningekutumia ujumbe kwa simu, lakini Mama Placide ndiye anashika simu yangu kila Jumatano kutuwekea nyimbo za maombi, na ujumbe ukiingia anausoma kwa sauti mbele ya kikundi kizima kabla mimi sijauona. Kwa hiyo ni barua. Ignace dereva amesema lori lake la Lubumbashi linaondoka Jeppestown kesho kutwa.

Mjomba, nina habari njema. Wale wanne wameanza kutoa maua!

Sitaandika jina lao, unawajua, wale uliowapanda nyuma ya chumba cha kushonea kwa ajili ya mafuta ya mguu wako. Juzi niliona vinyweleo vyeupe kwenye vifundo, viwili viwili, kama ndevu za paka. Leo ni vingi. Wewe ulisema maua ni mwezi wa pili au wa tatu, na sasa ni wa kumi na moja tu. Nimesema Mungu ameona jinsi unavyoteseka tangu teksi ikugonge pale kwenye taa za barabarani, robot ya Jules Street, akaamua kuharakisha. Wananifika kiunoni tu, sijui kama hiyo ni kawaida.

Usiwe na hofu na macho ya watu. Hakuna aliyewaona, naapa. Najua ulisema sheria ya huku inamruhusu mtu mzima kupanda kwake kwa matumizi yake bila kuuza. Lakini sheria haiji kunitetea Mama Placide akiniondoa kwenye kikundi, wala polisi akitaka kuona karatasi yangu ya ukimbizi. Baba Chloé bado analinda kule mgodini Rustenburg, anakuja mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo hofu zote ni zangu peke yangu. Kale kamlango ka waya nakafunga na kufuli, ufunguo uko shingoni mwangu, Chloé hawezi kuingia.

Nijibu upesi unifurahishe.

Mwanao,
Jeanne


Lubumbashi
Jumatano, 3 Desemba 2025

Jeanne mama,

Bibi yako ameisikiliza barua yako mara tatu. Jicho moja limefunguliwa, la pili bado. Ameniangalia kwa hilo moja akasema nimezeeka. Mimi ni mzima, nilitembea mpaka sokoni jana na kurudi.

Sasa kaa chini. Hiyo si habari njema.

Ni bangi, Jeanne. Andika bangi. Ignace haisomi, na mpakani hakuna anayefungua barua ya fundi cherehani. Mmea huo hauhesabu siku, unahesabu giza. Giza likiwa fupi unajua ni majira ya kukua, unatoa majani na matawi. Giza likirefuka, mwezi wa pili kwenda wa tatu, unajua winta, ile baridi kali, inakuja, ndipo unatoa maua. Sasa hivi huko Johannesburg ni wakati wa usiku mfupi kuliko wote. Ilitakiwa ikufike kifuani na iendelee kupanda. Ikiendelea na maua haya itakomaa mwezi wa kwanza na vichwa vya ukubwa wa kidole gumba, na mafuta yake hayatajaza hata chupa ya dawa ya kikohozi. Ile chupa niliyoiacha kabatini imebaki vidole viwili. Unajua winta inavyoingia kwenye vyuma vya mguu huu. Mwaka ule nilioishiwa mafuta uliniona mwenyewe.

Nimefikiri usiku kucha ni kitu gani kimewadanganya. Nadhani kosa ni langu. Niliwaotesha mwezi wa nane ndani, chini ya taa, halafu nikawatoa nje mwezi wa tisa wakati usiku bado ni mrefu. Mmea ukitolewa kwenye mwanga mwingi kwenda kwenye giza refu unadhani mwaka umeisha. Haraka yangu, na mimi ndiye ninayewafokea wanafunzi wa cherehani wasikimbilie kukata kitambaa.

Lakini inarudi. Mmea unaweza kurudishwa utotoni, tukiwahi. Fanya hivi:

Chukua ile balbu nyeupe ya juu ya cherehani na waya mrefu, uitundike chini ya paa la varanda pasipofika mvua, iangalie mimea. Iwashe jua linapozama mpaka saa tano usiku, kila siku, bila kuruka hata siku moja. Punguza vichwa vya maua kwa vidole, acha majani yote ya chini, ndiyo tumbo lake. Mwagia maji ya mbolea ya kuku, iliyolowekwa wiki nzima, nyepesi kama chai ya mgonjwa. Halafu uwe na subira, maana mwanzoni hutaona kitu.

Jambo moja tu linanisumbua. Wakati naondoka, tarehe nne mwezi wa kumi, ilikuwa imeanza kukaa sawa, majani tupu. Niambie, kuna kitu kinaikinga jua? Jirani amejenga ukuta? Angalia vizuri kisha uniandikie.

Bibi anakutumia dagaa. Ni kifurushi kikubwa, usimpe Mama Placide wote.

Mjomba wako,
Ruphin


Malvern
Ijumaa, 12 Desemba 2025

Mjomba mpendwa,

Barua na dagaa nimevichukua jana pale spaza, kile kiduka cha Jeppestown, Ignace ameviacha na kwenda kulala. Tumshukuru bibi.

Nimesoma barua yako nimesimama barabarani. Nilikuwa nimeshamwambia Chloé ni baraka.

Nimeshatoa maua. Nilikuwa natoa huku naomba msamaha, utafikiri nanyoa nywele za mtoto wa mtu. Vidole vilinata, vikanuka, niliviosha na limau mara nne kabla ya kwenda dukani. Mbolea ya kuku nimeiloweka, ndoo naifunika na bado nzi wamejua njia.

Ukuta hakuna. Jirani hajajenga kitu.

Taa bado. Waya ule mrefu sijui uko wapi, nitautafuta. Pia, Mjomba, taa uani kila usiku, watu watauliza. Siku hizi Jumatano kikundi kinakaa pale pale uani, viti kumi na moja, kutoka hapo mpaka kwenye wale wanne ni hatua sita. Mama Placide ni mama mzuri. Chloé alipougua kifua ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka kliniki. Lakini ulimsikia mwaka jana juu ya yule kijana wa Doornfontein aliyekutwa na kijiti kimoja tu mfukoni. Alimwombea kwa jina lake, akiwa amekaa pale pale! Mimi nikiombewa hivyo mbele ya watu nitakufa kwa aibu. Sina mama huku. Nina hao.

Usijilaumu juu ya mwezi wa tisa. Labda si wewe. Mimea nayo ina vichwa vyake.

Chloé ananiuliza kila asubuhi, kwa Kizulu chake cha krechi, ile chekechea yake, «Balele, Mama?» Yaani kama wale wanne wamelala. Namjibu ndiyo, wamelala, usipige kelele.

Jeanne


(Karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne, inanuka dagaa)

Lubumbashi, 4/12/2025

Dada Jeanne,

Ni Ignace wa lori. Nakutilia karatasi hii ndani ya dagaa kwa sababu mzee ameniangalia tangu asubuhi kama askari wa mpaka.

Atakuwa amekuandikia anatembea sokoni. Si kweli. Tangu afike hapa hajatoka nje ya parsele, ua wa mama yake. Analala amekaa kwenye kiti, akinyoosha mguu unamuwaka. Vidonge vya daktari vinamtapisha. Chupa yake ya mafuta aliiacha kwako, alifanya vizuri, mpakani wangemfunga, lakini sasa ni miezi miwili hana kitu. Bibi mwenye jicho moja ndiye anampelekea maji.

Alipomaliza kusoma barua yako akaniuliza, «Ignace, unadhani nitaipita winta nyingine?» Mimi nikacheka, nikamwambia wewe mzee utatuzika sote. Yeye hakucheka.

Mimi mambo ya maua siyajui. Nimeona ujue.

Ignace


Malvern
Alhamisi, 18 Desemba 2025

Mjomba wangu,

Ile barua ya tarehe kumi na mbili bado iko mezani, lori halijaondoka. Ningeweza kuichana. Nimeiacha, uisome kwanza, ujue nilivyo, ndipo usome hii.

Karatasi ya Ignace nimeiona Jumanne nilipofungua dagaa wa kupika. Usimgombeze. Nililia mpaka Chloé akaniletea sufuria, alidhani nataka kutapika.

Mjomba, si mwezi wa tisa. Si mbegu. Ni mimi.

Wiki ile ile uliyoondoka Mama Placide alihamishia maombi uani kwetu kwa sababu kwake wanapaka rangi. Nikaogopa. Nilichukua lile plastiki jeusi la mafundi, nikawafunika wale wanne, juu yake nikatandaza kitenge changu cha picha za kuku, kile ulichonishonea nikaona kimenibana. Nikapachika vibanio vya nguo kuzunguka, paonekane kama rundo la vitu. Jumatano ya kwanza hakuna aliyeuliza. Basi nikaona heri nifunike kila siku, maana watu wanaingia bila hodi. Saa kumi jioni nafunika, Chloé akiamka usingizi wa mchana. Saa tatu asubuhi nafunua, majirani wakiwa wameenda kazini. Siku sitini na kitu. Nilikuwa najisifu kwamba sijasahau hata siku moja!

Kumbe nilikuwa nawapa usiku wa winta kwa mikono yangu. Niliposoma kwamba wanahesabu giza nilijua hapo hapo, kabla sijamaliza ukurasa. Halafu wewe ukasema kosa ni lako, nikanyamaza. Nilikuacha ukae kwenye kiti chako na mguu wako na kosa langu. Hilo linaniuma kuliko maua.

Sasa nikuambie ya jana, Jumatano.

Saa sita mchana nilitoa plastiki, nikalikata vipande ili nisije nikabadili mawazo. Kitenge nikakifua. Waya nilijua ulipo siku zote, uko chini ya meza yako. Nikatundika balbu kama ulivyosema. Walipoanza kuja saa kumi na mbili nilikuwa nimekaa mlangoni, Chloé mapajani. Wanaingia, wanaangalia, wanakaa. Tukaimba. Jua likazama, nikasimama katikati ya wimbo, nikawasha.

Mjomba, pakawa peupe kama kwa daktari wa meno. Wale wanne wote wamesimama pale, kijani, wamenyolewa vichwa.

Mama Placide akafunga Biblia kwenye kidole chake. «Jeanne.»

«Abee, mama.»

«Hivi ndivyo vitu vilivyokuwa chini ya kitenge?»

«Ndiyo, mama.»

«Hivi tu?»

Shiko, yule Mkenya wa nyumba ya pili anayefanya kazi benki, akaanza kucheka, anajaribu kujizuia na leso. «Mama Placide, sema basi. Waambie ulichokuwa unasema.»

«Nyamaza wewe.»

«Jeanne, tumekaa hapa miezi miwili tukidhani umemlaza Ruphin hapo chini. Mama Placide alisema mzee hakusafiri, alikufa, unaogopa kusema usije ukatolewa kwenye nyumba yake.»

«Sikusema alikufa! Nilisema tuombe tu, tusiulize.»

«Ulisema umbo ni la mtu aliyelala.»

«Eish, Shiko! Kitenge kilikuwa na umbo la mtu aliyelala!»

Basi wote wakacheka, hata mimi nikacheka huku machozi yanatoka. Nikawaambia yote. Mguu, vyuma, kiti, vidonge, winta. Mama Placide alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka tena. Kisha akasema, «Mimi bangi siiombei. Nisisikie mtu akinitajia bangi kwenye maombi. Lakini Ruphin nitamwombea, na mguu wake nitautaja.» Akautaja, Mjomba. Wa kushoto. Alikumbuka ni wa kushoto. Alipomaliza akasimama akasogeza kiti chake, alikuwa anawakinga wale wanne mwanga wa taa.

Ameniambia pia nikisahau kufunga ile kufuli ya kamlango atanichapa mbele ya mtoto wangu.

Niambie kama tumechelewa. Walianza maua mwezi mzima uliopita. Ikiwa wamekwisha kukata tamaa niambie tu, usinifiche kama ulivyonificha mguu.

Mwanao aliyekudanganya,
Jeanne


Lubumbashi
Jumanne, 30 Desemba 2025

Jeanne mama,

Barua zako mbili zimefika pamoja. Bibi alitaka ya kwanza isomwe tena baada ya ya pili, akawa anasema, «Sikia, sikia hapa anadanganya,» kama mtu anayesikiliza mchezo wa redio.

Nami nimekudanganya, kwa hiyo hatutachapana. Sokoni sijaenda. Kiti ni kweli. Nilidhani ukijua utatetemeka, na mtu anayetetemeka hashiki mmea vizuri. Nimekosea. Wewe mkono wako umetulia zaidi ulipojua.

Nilipofika kwenye plastiki jeusi nilipiga paja, lile bovu, nikapiga kelele mpaka jirani akaja. Mwanangu, kuna watu wanaofanya hivyo makusudi! Wakitaka maua mapema wanafunika kila jioni saa ile ile, hawaruki siku. Wewe ulifanya kazi ya mtaalamu bila kujua, na usahihi huo nauona hata kwenye mishono yako. Tatizo ni kwamba uliifanya upande wa pili.

Hujachelewa. Mwezi mmoja wa maua unarudishika. Endelea na taa na mbolea. Sasa sikiliza sana hapa, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Mmea ukianza kurudi utakuwa mbaya. Kutoka ndani ya vichwa vya maua yatatoka majani ambayo hujawahi kuyaona. Jani la kawaida lina vidole vitano, saba. Haya yatakuwa na kidole kimoja, ya mviringo, yamejikunja, yana mng'ao, utadhani ni ya mmea mwingine au yamerogwa. Baadaye yatatokea ya vidole vitatu, kisha vitano. Ukiona kidole kimoja, piga vigelegele. Hiyo ndiyo dalili. Usiguse, usikate.

Ignace amekwama na lori mpakani Kasumbalesa, magari ni mengi baada ya sikukuu. Nampa barua dereva mwingine. Natumaini itakuwahi.

Mwambie Mama Placide mguu ulisikia. Usiku wa Jumatano ile nililala saa nne mfululizo. Kama ni maombi au ni uchovu, yeye achague.

Ruphin


Malvern
Ijumaa, 9 Januari 2026

Mjomba,

Bado barua yako haijafika na mimi siwezi kungoja tena. Kuna lori la mtu wa Likasi linaondoka leo.

Wale wanne ni wagonjwa. Taa sijaruka hata siku moja. Umeme ulipokatika siku mbili, Shiko aliniletea taa yake ya betri ya kuchaji, akaishika mwenyewe huku anasoma barua pepe zake. Mbolea ni nyepesi kama ulivyosema. Walikaa wiki mbili kimya, hawakui, hawafi. Nikasema subira. Sasa tangu Jumatatu yule mdogo wa kushoto ameanza kutoa vitu vya ajabu. Majani hayana vidole. Ni moja, la mviringo, limejikunja kama sikio la mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Na yanang'aa. Yametoka katikati ya maua yenyewe, kila pembe. Nilimwita Mama Placide, ambaye bangi haitazami, akaitazama, akasema kwao Uvira mihogo ikifanya hivyo inang'olewa upesi kabla ugonjwa haujapita kwa mingine.

Nilikaa nalo siku tatu. Jana nikaona na wa pili ameanza jani moja kama hilo. Nikaogopa atawaambukiza wote, ukose hata kidogo.

Nimemng'oa yule mdogo, Mjomba. Asubuhi ya leo. Mizizi yake ilikuwa mizuri, myeupe, imeshika udongo, nilivuta mara tatu. Nimemzika awe mbolea nyuma ya tangi la maji. Chloé aliuliza yuko wapi nikasema amesafiri.

Huyu wa pili nimemwacha mpaka Jumatano. Zaidi ya hapo siwezi.

Niandikie. Niandikie hata mstari mmoja.

Jeanne


Malvern
Jumatano, 14 Januari 2026

Mjomba,

Barua yako ya tarehe thelathini nimeipata leo saa nane mchana. Kwa mkono mwingine nilikuwa nimeshika jembe dogo la kumng'olea yule wa pili. Si maneno ya kutia chumvi, nilikuwa nimelishika kweli, mtoto wa spaza akaita getini.

Kidole kimoja.

Yule mdogo ndiye alikuwa wa kwanza kurudi. Wa kwanza kati ya wote, na mimi nimemng'oa kwa sababu alirudi na sura nisiyoijua. Nimekimbia nyuma ya tangi nikamfukua. Amekauka. Lile jani la mviringo ndilo pekee lilikuwa bado laini.

Chloé alivyozaliwa alikuwa na uso umekunjamana, wa zambarau, na nywele mpaka mabegani. Nilimwangalia nikaogopa, nikamuuliza nesi kama ni mzima. Nesi akacheka, akasema mpe siku tatu atakuwa mtu. Mbona sikukumbuka hilo, Mjomba? Mbona mtoto nilimngoja siku tatu na mmea wako sikuungoja?

Nimewahesabu wale watatu majani yote. Wa pili ana saba ya kidole kimoja. Wa tatu ana mawili. Wa nne leo ndiyo anafungua la kwanza. Nilipiga kigelegele kama ulivyosema, kikatoka kibaya, kimechanganyika na kilio, Mama Placide akaja mbio akidhani ni msiba. Nilimwonyesha barua. Amesoma palipoandikwa «usiguse, usikate» mara mbili. Kisha amekaa chini kwenye kiti chako, akasema, «Mihogo si hii.» Ameondoka, ila ameacha biringanya mlangoni.

Nisamehe. Sitakuambia ni watatu wazuri. Nitakuambia ni watatu.

Jeanne


Lubumbashi
Jumapili, 25 Januari 2026

Jeanne mama,

Barua ya Ijumaa na ya Jumatano zimepishana njiani, na ya Jumatano imefika kwanza, siku moja mbele. Kwa hiyo nilijua mwisho kabla ya mwanzo, na nimeusoma ule mwanzo kwa raha kuliko ulivyouandika. Mwambie mtu wa Likasi ahsante kwa uvivu wake.

Unaniomba msamaha wa mmea mmoja. Nikuambie kitu ambacho hukukiuliza. Mguu huu, kwa winta moja, unatosheka na mimea mitatu iliyokua vizuri. Mimi hupanda minne. Tangu mwaka wa kwanza ni minne, kwa sababu sijawahi kumaliza mwaka bila kuua mmoja. Mwaka juzi niliuwekea mbolea mbichi ukaungua. Mwaka jana niliukalia. Ndiyo, niliukalia, nilikuwa narudi gizani kutoka kwa Mama Placide, na wewe ukaniuliza kwa nini suruali ina udongo nikasema nimeanguka. Wa nne ni wa kosa. Mwaka huu nilidhani kosa nimeshalitumia mwenyewe mwezi wa tisa. Kumbe lilikuwa bado, likawa lako. Sasa limekwisha. Hatuna mwingine wa kukosea, kwa hiyo tutakuwa waangalifu mpaka mwezi wa nne.

Bibi ameona kwa macho yote mawili. Amenitazama akasema niende nyumbani, nimeshamchosha. Ignace anaondoka Alhamisi, ameweka godoro nyuma ya kiti chake ninyooshe mguu. Tukipita mpaka vizuri tutafika Malvern tarehe saba au nane mwezi wa pili, jioni.

Taa usiizime. Itaendelea mpaka katikati ya Februari, hapo nitaizima mwenyewe, usiku uwaambie kwamba sasa ndiyo wakati wa maua. Nataka nikishuka pale kwenye robot nivuke Jules Street polepole, nikiingia mtaani kwetu nione uani kwangu peupe, viti vya Mama Placide vimezunguka, na kitenge cha kuku umekivaa wewe. Nitakilegeza mshono wa kiunoni kisikubane tena.

Ruphin